Kujizuia kwa Wawili

Swali ambalo Wakatoliki wa Mwandiga mkoani Kigoma huulizwa na jirani zao, na ambalo aghalabu hulijibu kwa haya au kwa hasira, ni hili: ikiwa mke anayemeza kidonge na mke anayehesabu siku wote wawili wamekusudia jambo moja, yaani mimba isitunge mwaka huu, Kanisa lina hoja gani ya kumhalalishia huyu na kumharamishia yule? Hakuna ujinga katika swali hili, wala ufidhuli. Huulizwa sokoni, pale panapoanzia barabara ya Manyovu, kati ya madumu ya mawese na mafungu ya mihogo, na mwanamke wa Kiislamu ambaye mwanawe husoma darasa moja na mtoto wa Mkatoliki. Huulizwa na muuguzi wa kliniki ambaye kazi yake ni kuchoma sindano za miezi mitatu na kuweka vijiti. Na mara nyingine huulizwa na Mkatoliki mwenyewe, baada ya Misa, akiwa ametazama kwanza kulia na kushoto kama kuna anayemsikia. Mimi naliamini fundisho la Kanisa katika jambo hili, na kwa sababu naliamini, najiona nina deni la kulijibu swali hilo kwa insafu, bila kumdharau aliyeuliza.

Historia yake kwa ufupi ni hii. Tarehe 31 Desemba 1930 Papa Pio XI alitoa waraka juu ya ndoa ya Kikristo, miezi michache baada ya maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth kulegeza kwa mara ya kwanza katazo la kuzuia mimba, naye akalithibitisha katazo hilo kwa maneno makali. Katika miaka hiyo hiyo matabibu wawili, Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wamekwisha kubainisha kwamba yai la mwanamke hutoka takriban wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata. Na kutokana na elimu hiyo wanandoa wakaweza kujua, japo kwa kukisia, ni siku zipi mimba yaweza kutunga na zipi haiwezi. Tarehe 29 Oktoba 1951 Papa Pio XII, akisema na wakunga wa Italia, alikubali kwamba wanandoa wenye sababu nzito waweza kuzitumia siku zisizo na uzazi bila dhambi. Kisha kikaja kidonge, na pamoja nacho mjadala mrefu: tume iliyoundwa na Papa Yohane XXIII mwaka 1963 ilifikia mahali ambapo wengi wa wajumbe wake walishauri katazo lilegezwe, lakini Papa Paulo VI, baada ya kuyapima maoni yao, alitoa tarehe 25 Julai 1968 waraka wa Humanae Vitae, akashikilia kwamba kila tendo la ndoa halina budi kuachwa wazi kwa uhai, na kwamba wanandoa wanaotaka kuachanisha watoto kwa sababu za haki wafuate majira ambayo Mungu mwenyewe ameyaweka katika maumbile ya mwanamke.

Jibu ambalo makatekista wengi hulitoa ni kwamba anayemeza kidonge hutenda tendo na papo hapo akalikata mzizi, hali yule anayejizuia hatendi chochote; na kutotenda si sawa na kutenda kinyume. Jibu hili ni sahihi. Hata hivyo nimeona mara nyingi kwamba halimtoshelezi mama mwenye watoto sita, ambaye wa mwisho angali mgongoni, kwa kuwa yeye haulizi juu ya umbo la tendo katika akili za wanazuoni. Anauliza juu ya nyumba yake, juu ya usiku wake, na juu ya mtu anayelala kando yake. Kwa hiyo afadhali tulitazame suala hili kutoka upande ambao yeye husimama.

Na tutazame, kwanza, ni nani anayetakiwa abadilike. Kwa kidonge, sindano au kijiti, anayebadilishwa ni mwanamke: damu yake hutiwa dawa, hedhi yake yaweza kuvurugika au kukatika, uzito wake kuongezeka au kupungua, kichwa chake kuuma, na mume, ambaye kwa ajili ya matakwa yake dawa hiyo aghalabu imeingizwa mwilini, huendelea kuishi kama alivyoishi jana, bila kupunguziwa kitu na bila kuombwa kitu. Kwa njia ya asili mambo hugeuka. Mwili wa mke huachwa kama Muumba alivyouumba, ukasomwa kwa taadhima, na matakwa ya mume ndiyo yanayoagizwa yangoje. Hapo ndipo mimi naona moyo wa fundisho, nami nasikitika kwamba si hapo mahubiri yetu yanapoanzia.

Wala sisemi neno la kubuni. Katika waraka ule ule wa mwaka 1968, kabla hata ya kulitaja katazo la dawa, Papa Paulo VI anafundisha kwamba tendo la ndoa analolazimishwa mmoja wa wanandoa, pasipo kujali hali yake wala matakwa yake ya haki, si tendo la upendo, na linavunja sheria ya maadili. Baadaye kidogo anaeleza hofu yake kwamba mwanamume aliyezoea dawa za kuzuia mimba ataacha kumstahi mkewe, asijali tena hali ya mwili na roho yake, hata amfanye chombo cha kujiburudisha. Papa Yohane Paulo II, katika mafundisho yake ya Jumatano juu ya mwili na ndoa, alikwenda mbele zaidi: tarehe 8 Oktoba 1980 alisema kwamba mume aweza kuzini moyoni na mke wake mwenyewe, endapo anamtazama kama kitu cha kutuliza tamaa tu. Magazeti ya Ulaya yalimshutumu kwa neno hilo. Wanawake wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kama wangelisikia, nadhani wangelielewa bila mfasiri.

Lakini wamelisikia wangapi? Mahali pa kulisikia pangekuwa darasani. Darasa la uzazi wa mpango wa asili linalofuata njia ya John na Evelyn Billings, madaktari mke na mume wa Melbourne, Australia, ambao utafiti wao ulianza mwaka 1953, ni jambo la unyenyekevu sana kulitazama. Pana karatasi yenye miraba, mraba mmoja kwa siku moja, na kila jioni mke hutia alama: nyekundu kwa siku ya damu, kijani kwa siku ambayo hakuona wala kuhisi kitu, nyeupe yenye picha ya mtoto kwa siku ambayo ute umeanza kuonekana. Ute huo mwanzoni ni mzito na wa kunata, kisha huwa mwepesi, wa kuteleza, wenye kuvutika kama ute wa yai bichi. Na siku ya mwisho ya utelezi huo huitwa kilele, ambacho baada yake huhesabiwa siku tatu kamili kabla ya kuihesabu hatari kuwa imepita. Yai lenyewe haliishi hata siku nzima, ila mbegu za mwanamume zaweza kungoja ndani ya mwili wa mwanamke, ute ukiwapo, hata siku tano; ndiyo maana kujizuia huanza mapema. Mwanamke asiyejua kusoma aweza kuyafahamu haya yote katika mwezi mmoja. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika miaka ya 1970 kwenye miji ya Auckland, Bangalore, Dublin, Manila na San Salvador ulionyesha kwamba wanawake zaidi ya 90 katika kila 100 waliweza kuitambua alama ya ute tangu mzunguko wa kwanza wa kufundishwa.

Uchunguzi huo huo ulionyesha neno la pili, ambalo wapinzani wetu hulitaja sana na sisi hulificha, nami naona tungelitangaza wenyewe. Kwa wanandoa walioshika kanuni barabara, mimba zilikuwa kiasi cha 3 tu katika kila wanawake 100 kwa mwaka. Ila ukiwahesabu wote, walioshika na wasioshika, zilipanda hata kukaribia 20. Sababu kubwa haikuwa alama kupotea au mwalimu kukosea. Watu walijua kwamba leo ni siku ya uzazi, na wakakutana leo hiyo hiyo. Elimu ilikuwapo, ridhaa ya kungoja haikuwapo. Na katika nyumba nyingi za kwetu anayekosa ridhaa hiyo si yule aliyejaza karatasi. Mwalimu yeyote wa njia za asili atakuambia hivyo: darasani wamekaa wanawake watupu, wakifundishwa kwa bidii kuzijua siku ambazo hawana uwezo wa kuzilinda.

Hapa pwani ya ziwa kuna mazingira ya namna yake ambayo wataalamu wa Melbourne hawakuwa na haja ya kuyafikiri. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwanga wa mwezi ukizidi, taa hazina nguvu tena ya kuwakusanya, na mitumbwi hupandishwa mwaloni. Kwa hiyo mume ambaye ni mvuvi huwa mbali na kitanda chake kwa usiku mwingi kila mwezi, na hurejea kwa siku kadhaa wakati wa mbalamwezi, akiwa na fedha kidogo, uchovu mwingi, na shauku ya nyumbani. Sasa angalia hesabu. Kutoka mbalamwezi moja hadi nyingine ni siku 29 na nusu. Mzunguko wa wanawake wengi nao hauko mbali na idadi hiyo. Maana yake ni kwamba mke ambaye siku zake za uzazi zimeangukia mbalamwezi hii, zitamwangukia tena mbalamwezi ijayo, na ile ya baada yake: akiwa na mzunguko wa siku 28, atautangulia mwezi kwa siku moja na nusu tu kila mara, na itachukua miezi minne au mitano kabla ya siku zake kusogea juma moja. Nyumba ya namna hiyo, ikishika kanuni, yaweza kukaa miezi kadhaa ambamo kila mume anaporudi siku zimefungwa, na kila zinapofunguka mume yuko majini. Jirani yake, kwa bahati ya kalenda tu, huwa hana taabu yoyote. Padri anayehubiri kujizuia bila kuijua hesabu hii amewatwika watu mzigo ambao hakuupima. Na mume anayeukubali, akakaa nyumbani siku zake chache kwa upole, akacheza na watoto na kuzungumza na mkewe, kisha akarudi majini bila kumgusa, ametoa sadaka ambayo sijui kama sisi tunaokaa nchi kavu tumewahi kutoa iliyo sawa nayo.

Kujizuia kwenyewe si jambo lililoletwa na Kanisa. Wazee wetu katika sehemu nyingi za Tanganyika walijua kwamba mtoto anayenyonya ana haki yake, na imani ya kubemenda, kwamba mtoto hudhoofika wazazi wasipotunza miiko ya unyumba, iliwatia watu hofu ya kutosha kuachanisha watoto miaka miwili au mitatu. Tabibu wa leo hataikubali sababu waliyoitoa, ila aweza kuwaunga mkono katika jambo moja: mama anayemnyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita, mchana na usiku, bila kumpa chakula kingine, na hedhi yake haijarudi, ni mara chache mno kushika mimba, hata wawili katika mia hawafiki. Lakini tuseme kweli juu ya mila ile. Aliyejizuia alikuwa mke. Mume mwenye nyumba ya pili alikwenda nyumba ya pili, na asiye nayo alikuwa na njia zake, na jamii haikumuuliza. Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la White Fathers, walipofika Ujiji mwaka 1879, na wenzao waliposhika Karema mwaka 1885, walifundisha kwamba mume awe na mke mmoja. Na fundisho hilo, ambalo mimi nalihesabu kuwa heshima kubwa iliyopata kupewa mwanamke katika nchi hizi, liliifunga nyumba ya pili bila kueleza vya kutosha yule mume mmoja na mke mmoja waishije katika miaka miwili ya kunyonyesha. Mila ya zamani ililegea, nidhamu mpya haikufundishwa, na pengo hilo likajazwa na mimba zilizofuatana. Alilopewa mke kwa mkono mmoja alinyang'anywa kwa mkono wa pili. Uzazi wa mpango wa asili, ukifahamiwa sawasawa, ni sehemu ya fundisho la ndoa ya mke mmoja ambayo ilicheleweshwa.

Jirani zetu Waislamu nao wana la kutufundisha. Imam Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, alilijadili suala la azli, yaani mume kumwaga nje, akaliona kuwa jaizi ingawa ni kuacha lililo bora, na akazitaja nia mbalimbali zinazoweza kumsukuma mtu, zipi zinafaa na zipi ni mbovu. Na wanazuoni wengi wa sheria wameshurutisha kwamba mume asifanye hivyo ila kwa ridhaa ya mkewe, kwa kuwa mtoto na starehe ni haki yake pia. Kanisa halikubaliani na azli. Lakini utaratibu wa kumuuliza mke, na wa kuichunguza nia kabla ya kulichunguza tendo, ni adabu ambayo Mkatoliki aweza kuipokea bila kuacha chembe ya imani yake. Maana nia mbovu yaweza kuingia hata katika njia za asili, mtu akahesabu siku kwa ubahili na uchoyo tu, na Papa Paulo VI alidai pawepo sababu za haki, za mwili, za nafsi au za maisha.

Sababu hizo hapa kwetu hazitafutwi kwa taa. Mkoa wa Kigoma ulihesabiwa kuwa na watu 2,127,930 katika sensa ya mwaka 2012 na 2,470,967 katika ile ya mwaka 2022, na vilima vya kaskazini mwa Mwandiga, kuelekea hifadhi ya Gombe, vimekatwa mashamba hata kileleni. Mradi wa TACARE ulioanzishwa na taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994 katika vijiji vilivyozunguka hifadhi hiyo ulianza na kupanda miti, kisha ukaona hauwezi kuwahimiza watu watunze ardhi bila kusema nao juu ya afya na uzazi. Siwezi kuzisifu njia zote zilizopelekwa pamoja na mradi wa namna hiyo, ila siwezi pia kukana kwamba walimfikia mwanamke kijijini kwake, wakamuuliza anahitaji nini, wakati sisi tulikuwa tukimngoja kanisani.

Najua hoja iliyobaki, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Yuko mke ambaye mumewe hurudi amelewa, hajui kungoja, na akikataliwa hupiga. Mke huyo amekwenda kliniki kwa siri, akachomwa sindano, na kadi yake ameiacha kwa jirani ili isionekane nyumbani. Kumwambia huyu ajaze karatasi ya miraba ni kumdhihaki. Kanisa halijabadili hukumu yake juu ya sindano ile, wala silitaki libadili. Lakini hata waraka ule mkali wa mwaka 1930 ulikiri kwamba ndani ya nyumba moja mmoja aweza kuwa ametendewa dhambi zaidi kuliko alivyoitenda. Haki inataka tuulize kwanza juu ya yule aliyempiga. Mara ngapi mume wa namna hiyo ameitwa na wazee wa jumuiya ndogo ndogo, akaonywa kwamba anachokitenda ni dhambi ya mauti, na kwamba jina la ndoa halikifuniki? Wanaume wetu hulikumbuka sana neno la Mtume Paulo kwa Wakorintho kwamba mke hana amri juu ya mwili wake. Nusu ya pili ya neno hilo hilo, kwamba mume naye hana amri juu ya wake, na kwamba kunyimana ni kwa mapatano ya wawili, sijamsikia mwanamume hata mmoja akiikariri.

Kwa hiyo nasema kwamba fundisho hili lipelekwe kwa wanaume, na lipelekwe walipo. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane, na kwa miezi mitatu wavuvi walikuwa nyumbani. Hakukuwa na wakati mzuri kuliko huo wa kuwakusanya waume pamoja na wake zao, na wakati wa namna hiyo ukirudi usipotee. Hata bila amri ya serikali, siku za mbalamwezi hurudi kila mwezi, nao wanaume wamekaa kwenye mwalo wa Kibirizi wakishona nyavu, wenye nafasi ya kusikiliza. Mwalimu awe mwanamume, ikiwezekana mvuvi, aliye na mke na watoto, anayeweza kusema mbele ya wenzake kwamba yeye hungoja na hajapungukiwa na uanaume. Na katika mafundisho ya ndoa, bwana arusi naye ajifunze karatasi ile, aweze kueleza mbele ya padri maana ya kila alama na idadi ya siku za kungoja baada ya kilele, kama anavyotakiwa kuzijua sala na amri kumi. Watakaosema kwamba jambo hilo litamwaibisha wakumbuke kwamba wiki chache baadaye atapewa haki ya kulala na binti huyo maisha yake yote. Gharama yake ni karatasi, kalamu tatu za rangi, na mwalimu mwenye subira. Parokia haina haja ya kungoja mfadhili.